Sahani ya Anselm

L'Esterre, Carriacou
3 Machi 1969

Kwa Katibu,
Klabu ya Kriketi ya Visiwa,
Huddersfield, Uingereza

Bwana Katibu,

Hunijui, nami sikujui. Anwani yako nimeitoa kwenye kalenda ya klabu yenu iliyofika dukani kwa Bi. Cassia ikiwa imefungiwa vikombe. Mimi ni Euralie Lendore, dada yake Vibert Lendore, ambaye kwa barua zake mwenyewe ni mrusha mpira wenu hodari. Siandiki juu ya Vibert. Yeye yupo, kila Krismasi barua yake inafika na salamu za kila mtu, hata mbuzi hawasahau. Naandika juu ya kaka yetu mkubwa, Anselm.

Waliondoka pamoja mwaka wa 1961. Vibert alikuwa kitinda mimba na Mama hakutaka aende. Anselm ndiye aliyembembeleza. Alimwambia, "Mama, huyu nitamrudisha mwenyewe mpaka hapa mlangoni." Wakaandika wote wawili kwa muda, kisha Anselm akanyamaza. Sasa ni mwaka wa sita. Vibert anasema tu kwamba mwenzake alihamia London na hajui aliko. Tangu Januari nimemwandikia mara mbili nikimtaka aseme zaidi, lakini hajajibu, na ndiyo maana nakuja kwako.

Mama anaota. Mwanawe wa kiume anasimama mlangoni, nguo zinachuruzika maji, uso hauonekani, anasema ana njaa. Kwetu ndoto ya namna hiyo haihitaji mganga wa kuifasiri: ni maiti anadai chakula. Vibert anaandika, kwa hiyo si Vibert. Mama amekata shauri kwamba ni Anselm, na Jumamosi ya tarehe 24 Mei atamfanyia saraka, karamu yetu ya wafu. Ngoma zitapigwa, mbuzi atachinjwa, na chumbani kwake kitatandikwa kitambaa cheupe, iwekwe sahani ya wazee waliotangulia, na jina la Anselm litajwe juu yake.

Bwana, sahani hiyo si mchezo. Ukishawekewa umekufa, hata kama unapumua. Akija kupiga hodi mwakani Mama hatamfungulia, maana atakuwa anamfungulia mzimu. Na mimi moyo wangu unakataa katakata kwamba Anselm amekufa. Sijui nikuelezeje.

Tangu ndoto zianze Mama hali chakula cha jioni. Anasema atakulaje na mtoto ana njaa. Gauni lake la kanisani linamvuka mabegani. Nakuomba umkalishe Vibert chini umuulize kama mtu mzima: Anselm yu hai au hayupo? Nahitaji jibu kabla ya siku hiyo.

Euralie Lendore

*

Klabu ya Kriketi ya Visiwa
Huddersfield
24 Machi 1969

Bi. Euralie mpendwa,

Barua yako imefika na mchanga wa kwenu ndani ya bahasha. Nimeukung'uta mezani, mke wangu akanigombeza. Mimi ni Darnley Gittens, Mbajani, mtu wa Barbados, na sisi Wabajani tuna utani wetu kwamba kwenye visiwa vidogo kama chenu mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanampa pole. Usinikasirikie. Nusu ya klabu hii ni watu wa Carriacou na wananirudishia kila siku. Naandika kwa mashine kwa sababu barua ya klabu ni barua ya klabu.

Nikueleze kwanza sisi ni akina nani, ili jibu langu uliamini. Hakuna mtu wetu anayeshuka kwenye kituo cha treni cha mji huu bila mmoja wetu kumpokea. Akikataliwa chumba katika mtaa mzima, sisi tunacho. Koti la kwanza la baridi analipata kwetu, na kazi kiwandani anaonyeshwa na sisi. Harusi zinafanyika katika banda letu la kiwanjani. Jumamosi asubuhi watoto wanafundishwa hesabu humo humo, na jioni wazee wanapiga domino mpaka meza zinaomba msamaha. Hata Waingereza wa mtaa wameanza kuja Jumapili. Mwanzoni walisimama nje ya ua wakitutazama. Kisha wakaonja vitumbua vya samaki wa chumvi vya mke wangu, na sasa mtu wa posta ndiye anayepanga foleni ya kwanza. Mjane mmoja wa Kiingereza, Bi. Ackroyd, hutufulia mashati meupe ya timu na hataki tumshukuru.

Kwa hiyo nikisema Anselm Lendore hayumo kati yetu, nasema nikijua. Kama yuko London, London ni kubwa na haina mtu wa kumpokea mwenzake.

Vibert hajambo. Yuko zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, kwa hiyo hatuonani kila mara. Nitamwambia akuandikie.

Mpe Mama pole zangu.

D. Gittens, Katibu

*

L'Esterre
10 Aprili 1969

Bwana Gittens,

Nimekuuliza swali moja umenijibu kwa vitumbua. Ninashukuru kujua kwamba mtu wa posta ameshiba. Mama yangu hajashiba.

Jana nilimpelekea uji akaubeba mpaka kizingitini, akaumwaga taratibu chini, akasema, "Huyo hapo, mpe nafasi anywe." Nikamwambia, "Mama, hakuna mtu hapo." Akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Usiku anaacha mlango wazi ingawa upepo unazima taa. Mbuzi ameshanunuliwa, amefungwa nyuma ya nyumba na nasikia sauti yake nikiandika. Wapiga ngoma wameshapewa habari. Shangazi amekuja kutoka kijiji cha Windward kusaidia kupika, na yeye kazi yake ni kuniambia niache ubishi, wafu hawasubiri.

Mimi peke yangu ndiye ninayebisha, na ninachoka. Wananiona kama dada mwenye roho mbaya anayemnyima kaka yake chakula. Kuna siku nasema basi, afe, tupumzike sote. Halafu namkumbuka Anselm alivyokuwa akiingia jikoni akifunua kila sufuria kabla ya kusalimu, na siwezi.

Sitaki kusikia zaidi habari za klabu. Nataka maneno ya Vibert. Kama yuko zamu ya usiku, mchana yuko nyumbani na mkono anao. Ana nini na Anselm asichotaka kukisema? Walipigana? Amemfanya nini? Naanza kuwaza mabaya, Bwana Gittens, nawaza kwamba ndugu yangu mmoja amemwua mwingine.

Euralie

*

Huddersfield
28 Aprili 1969

Bi. Euralie,

Samahani kwa mwandiko. Mashine imekatika utepe na sikutaka kungoja.

Hawakupigana. Hilo liondoe kabisa moyoni mwako, hakuna aliyemfanyia mwenzake ubaya. Nimekaa na Vibert jana kiwanjani, ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu na mvua ikatufukuza. Nilimsomea barua yako. Aliniomba niisome tena, chai ikapoa. Kisha akasema, "Waambie wafanye. Mama amwekee Anselm sahani. Anselm mwenyewe angekubali."

Nami nakushauri hivyo hivyo. Mwache Mama amlishe mtu wake, atulie, aanze kula. Una Vibert. Mama mwenye mtoto mmoja anayeandika kila Krismasi ana kitu cha kushika. Nakusihi kama kaka yako, usichimbe zaidi.

Darnley Gittens

*

L'Esterre
7 Mei 1969

Wewe Gittens,

Barua yako nimeiweka kitandani, na pembeni nimepanga barua sita za Vibert za Krismasi. Herufi yako ya "g" ina mkia unaorudi nyuma kama wa nge. Ya kwake pia. Unaandika "Mama" na nukta kubwa baada yake kama unapumzika. Yeye pia.

Ni mkono mmoja. Ni wewe.

Vibert hakupenda kalamu, hilo tunalijua, nikadhani rafiki anamwandikia. Lakini rafiki anayemwandikia mtu kwa miaka sita halafu ananiletea barua za mashine kama hakimu, huyo anaficha kitu. Na mashine yako ingekuwa nzima mpaka leo nisingejua.

Sikutukani. Nguvu za kukutukana sina. Mama anavua pete ya ndoa ili akae nayo karibu na mlango, anasema mtoto akikosa chakula atachukua hata pete. Jana alijikwaa akaanguka, na nilipomwinua alikuwa mwepesi kuliko kapu la nguo. Nilikaa naye chini pale pale nikalia, naye akanipapasa kichwa akisema, "Usilie, tarehe ishirini na nne atakula."

Nani anazungumza katika barua hizi? Ni Vibert anayekuambia uandike, au unatunga tu? Vibert yuko wapi? Anselm yuko wapi? Niambie yote mawili. Nakuomba kwa jina la mama yako aliyekuzaa. Zimebaki siku chache na meli ya posta haiji kila siku.

Euralie

*

Huddersfield
14 Mei 1969

Dada Euralie,

Kaa chini kabla hujasoma.

Vibert amekufa. Alikufa Januari 1963. Anselm yu hai, na anayezungumza katika barua za Krismasi ni yeye. Alisema maneno, mimi nikaandika, kwa sababu mwandiko wake mngeujua.

Mwaka ule theluji ilianguka Krismasi haikuondoka mpaka Machi. Kazi zilisimama. Hatukuwa klabu bado, tulikuwa wanaume kumi na mbili wenye gongo moja la kriketi, tumejikunyata kwenye vyumba visivyo na moto. Bwawa la kiwanda lilikuwa limeganda. Mimi ndiye niliyesema, "Jamani, kiwanja hicho hapo, tambarare kuliko cha kwetu Bridgetown. Twendeni." Mtu wa visiwani anajua maji, anajua yakitulia na yakichafuka. Maji magumu kama sakafu ya kanisa tulikuwa hatujawahi kuyaona, tukayaamini.

Tulicheka sana siku ile. Tulianguka kila tulipokimbia. Vibert alirusha, Anselm akapiga, na alipiga vizuri, mpira ukateleza mbali mpaka upande wa kiwanda. Vibert akaukimbilia akituimbia matusi. Sisi hatukujua kwamba upande ule maji ya moto ya kutia rangi humwagwa bwawani, na barafu yake ni ngozi tu chini ya theluji. Anselm alitambaa kwa tumbo akamshika mkono. Alichokuja nacho ni glavu.

Wiki ileile ilifika barua ya Mama yenu. Nilikuwapo alipoifungua. Ilianza hivi: "Vibert wangu hajambo?" Anselm akaniomba kalamu, akaiweka, akasema, "Andika wewe. Andika kama yeye." Nikadhani ni kwa mara moja, mpaka apate nguvu. Krismasi ilipofika akaja tena. Mwenyewe kwa jina lake hakuweza kuandika hata mstari, kwa sababu Anselm akiandika lazima aseme mdogo wake yuko wapi. Basi akamwacha Anselm apotee London.

Nilikuringia klabu. Kila nilichokuringia kimetoka pale bwawani. Alipotolewa majini tulimzika Vibert bila kujua hata mtu anazikwaje katika ardhi ya mawe namna hii. Bi. Ackroyd tulikuwa hatumjui, alitoka nyumbani kwake na sufuria ya supu na mashuka. Tukarudi tukakaa chumba kimoja wote, na mmoja wetu akasema kuanzia leo hakuna mtu wetu atakayefika mji huu akatembea peke yake asipopajua. Ndipo tukawa klabu. Ile ya kuwapokea watu kituoni ilianza kwa kuwaonya wasikanyage barafu.

Na jambo hili sijui utalipokeaje. Jumapili nikisoma timu, nasoma "Vibert Lendore", na anayeinuka ni Anselm. Aliomba tumwite hivyo. Wageni hawajui jina jingine. Banda zima tumelibeba naye, wake zetu pia, na tuliona ni huruma.

Nilipomsomea barua yako ya tarehe saba Mei aliinuka akatoka nje, nikamfuata. Nikamwambia, "Mwanamke yule anakufa njaa kwa ajili yako." Akasema, "Mwache anizike mimi, Darnley. Akinizika mimi, Vibert anabaki." Nikamwambia huo ni wazimu. Akasema anajua.

Hajui kama nakuandikia. Natuma kwa ndege na kusali.

Darnley

*

L'Esterre
28 Mei 1969

Anselm,

Barua ya Gittens ilifika Jumatatu. Saraka ilikuwa Jumamosi.

Umewekewa. Ugali wa kuviringa, mbaazi, kiuno cha mbuzi, glasi ya ramu, mshumaa. Mama alitandika kitambaa mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Akasema, "Anselm, mwanangu, njoo ule, usizunguke tena." Nje ngoma zinapigwa, watu wanacheza, shangazi ananibana kiwiko nijibu na wengine. Nilijibu. Nililitaja jina lako pamoja nao.

Jogoo walipowika watoto wakaingia kugombea masalio kama kawaida, wakacheka, na Mama naye akacheka. Alikula bakuli zima mchana ule. Nikasema moyoni, haya, kumbe mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Jumapili usiku akaota tena. Mwanawe yuko pale pale mlangoni, nguo zinachuruzika maji. Aliiangalia sahani, hakuigusa. Akasema, "Mama, hii ya Anselm. Yangu iko wapi?"

Tangu asubuhi ile hajatia chakula mdomoni, na maji anakunywa kidogo tu nikimlazimisha. Anarudia maneno hayo kwa kila anayeingia. "Ananiuliza yake iko wapi. Ni nani huyu? Nimebakiwa na Vibert tu, na Vibert anaandika." Ametoa barua zenu za Krismasi sandukuni anazishika kifuani, barua zote sita, na anasema mtoto mwenye barua hawezi kuwa na njaa. Halafu ananiangalia nimjibu.

Barua ya Gittens iko chini ya godoro langu nikiwa naangaliwa hivyo. Nimefungua mdomo mara ngapi sijui. Siwezi, Anselm. Na hata ningeweza, sitaki. Si mimi niliyesema nitamrudisha mpaka mlangoni. Gittens amekuazima mkono miaka sita, klabu nzima imekuazima midomo, na wewe ukawaacha. Watu wema wamekusaidia kumnyima Vibert sahani yake. Mimi nisikuongezee mdomo wangu.

Sijui nakuandikia nani. Kwa kijiji hiki wewe ni marehemu, nimekuona ukiliwa chakula chako na watoto. Lakini kama kuna mkono unaoshika karatasi hii, uandike wenyewe, kwa jina lako, na uandike kwa Mama. Nitamsomea. Mganga wa kliniki anasema kwa hali hii hana siku nyingi, na mimi ninaamini.

Fanya haraka. Nakuomba, kaka, fanya haraka.

Euralie

*

Huddersfield
9 Juni 1969

Mama,

Huu ni mwandiko wangu, Anselm. Euralie anakusomea. Euralie, usiruke neno.

Anayekuja mlangoni ni Vibert. Maji yale ni ya bwawa la hapa. Lilikuwa limeganda tukacheza juu yake, mimi nikapiga mpira naye akaufuata, barafu ikapasuka. Nilimshika mkono, Mama, nilimshika kweli. Glavu ikavuka.

Barua zote za Krismasi ni zangu. Salamu za mbuzi nilitia kwa sababu yeye angetia. Nilikuwa nikimaliza kuzisema nasikia kama yupo chumba cha pili, na kwa siku kadhaa naweza kufanya kazi. Kisha inaisha, nangoja Krismasi nyingine. Nilidhani nakutunzia mtoto. Sikujua kwamba nilikuwa namfungia nje na njaa yake.

Jumapili iliyopita Darnley alisoma timu, akafika kwenye jina la Vibert, sikuinuka. Akasoma tena. Watu wakageuka. Nikasema, "Huyo amekufa. Mimi naitwa Anselm." Hakuna aliyecheza siku hiyo. Wanawake walirudisha vyakula kwenye vikapu, Bi. Ackroyd akanifungia mlango wa ofisi nikae peke yangu, na nje nikasikia wanaanza kumlilia Vibert kwa sauti, miaka sita baadaye, watu wazima.

Nimemuuliza Darnley kama naweza kukuandikia nisije. Akaniambia meli ya ndizi inaondoka Jumatano, na wamekwisha kunitafutia nafasi. Hata koti wamenivua, wanasema huko silihitaji.

Mama, kula. Pika tena, tandika kile kitambaa, na safari hii sema Vibert. Anapenda kiuno cha mbuzi kilichoungua kidogo. Usingoje nifike, ameshangoja sana.

Euralie anasema mimi nimewekewa, na nikipiga hodi hutanifungulia. Nitapiga hivyo hivyo. Usipofungua nitakaa kizingitini, pale alipokuwa akisimama yeye, na asubuhi nitaomba chakula kwa sauti kubwa mpaka majirani wasikie ni mtu hai anayeomba.

Anselm